Unyasi Utosini

Mwili wa Sufian ulilala kando ya kijito huko Bumula, ukungu umeufunika kama shuka jepesi. Utosi ulikuwa umepakwa udongo mweusi. Juu ya udongo ulisimama unyasi mmoja, ukitikisika polepole kana kwamba unasikiliza maji.

Inspekta Jepkosgei alipiga magoti, akaupangusa udongo. Chini yake palikuwa na jeraha la jiwe.

Marehemu alikuwa mtaalamu wa mazingira. Mwekezaji mmoja alitaka kujenga kiwanda cha ngozi hapo, na bila ripoti ya Sufian asingepata leseni. Baraza la wananchi kutoa maoni lilikuwa limebakiza siku chache.

Inspekta alikwenda kwanza Matisi, Kitale. Nafisa, mjane wa Sufian, alizungumza kama mtu aliye usingizini. Mumewe alimpigia simu jana mchana. Alisema atapendekeza leseni ikataliwe, kwa sababu hapo ndipo vijana hupakwa udongo alfajiri ya kutahiriwa. Ripoti alikuwa bado hajaiandika.

Inspekta akarudi Bumula kuuliza ni nani huwapaka vijana hao. Kila mtu alimtaja Wakhungu.

Alimkuta ameketi ukingoni, miguu majini. Mzee alisema vijana wa bangi ndio waliomuua mgeni.

"Udongo ulificha jeraha, mzee. Hilo naelewa. Unyasi ulikuwa wa kuficha nini?"

Wakhungu aliitazama mikono yake. Ukungu wa jioni ulipanda, ukashuka.

"Mkono umezoea," alisema. "Ukishapaka, unasimamisha unyasi. Sikujua hata nimeuweka."

"Kwa nini ulimuua?"

"Mjukuu wangu anasimama hapa Agosti. Nilimuuliza huyo kijana jana jioni, kiwanda kinakuja ama hakiji? Akasema hawezi kuniambia, ati sheria inataka wananchi waseme kwanza. Afande, mtu mwenye habari njema anaificha ya nini? Nikajua ametuuza. Jiwe lilikuwa karibu."

Jepkosgei akamweleza yale Nafisa aliyoyasikia kwenye simu.

Mzee alinyoosha mikono, pingu zikafungwa.

"Sasa ripoti itaandikwa na nani?" aliuliza.

"Mtu mwingine. Mwekezaji ndiye atakayemchagua."

Wakhungu akainama, akaitia mikono yenye pingu majini. Udongo wa kwenye kucha uliachia taratibu, ukafanya wingu jeusi, ukaondoka na kijito.