Bibi Yupi?

"Hii picha wameitundika kichwa chini," alisema mwanamume mmoja kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kueleweka.

"Na wewe ungeitundika vipi?" Velma akamjibu.

Yule bwana aligeuka nusura aangushe miwani yake. Jumba la sanaa, katikati ya Minneapolis, lilifurika watu waliokimbia theluji. Velma, nesi Mkenya wa kitongoji cha Brooklyn Park, alikuja kwa tiketi ya bure aliyopewa kazini. Alivaa koti la rangi ya haradali na buti ndefu, midomo ikimetameta. Mbele yao palikuwa na turubai kubwa: wekundu mtupu, na mstari wa manjano ukiteleza toka juu hadi chini. Wamarekani waliizunguka kimya, mikono mgongoni, kama watu waliokuja kumuaga marehemu.

"Mimi naona mchuzi uliomwagika," alisema mwanamume. "Wewe je?"

"Naona mtu amechelewa shifti."

Walicheka hadi mlinzi akawakazia macho. Yule bwana aliitwa Zachariah Wambura, Mtanzania wa Musoma, fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja kule Eagan. Mrefu, ndevu zimechongwa, shati limepigwa pasi likanyooka. Velma aliiona hiyo pasi, naye hakuwa mtu wa kudanganyika kwa pasi, lakini namba ya simu akampa.

Simu zikaanza.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula, babe. Nime-park saa hii naingia job. Na wewe umekula, ama bado unaangalia ukuta?"

"Ukuta hauna dimpo kama zako, bwana."

"Aki wewe! Wacha uongo."

Alikata simu akitabasamu peke yake ndani ya gari. Alikuwa anampenda, na alikuwa anaogopa. Aliwahi kuchumbiwa na mwimba kwaya mmoja kumbe ana mke na watoto Eldoret. Siku alipojua, Velma aliapa kwamba mume wa mtu hatamgusa tena.

Jioni moja Zachariah alipiga akiwa na furaha tele. "Jumamosi sitaweza kuja kwako, mpenzi. Bibi yangu anafika kutoka Musoma!"

Velma aliweka chini kikombe cha chai. "Bibi yako?"

"Ndiyo! Nimemkumbuka mno. Nataka mwonane. Nimemsimulia habari zako, kafurahi kweli."

"Amefurahi?"

"Sana! Anasema atakufundisha kunipikia."

"Zachariah, wewe huna haya hata kidogo!"

Akakata, akaifungia namba yake. Alilia hadi kope zikavimba. Maureen, aliyepanga naye nyumba, alimletea tishu na kumlaani Zachariah kwa niaba yake, lakini haikusaidia. Kila siku kabla ya kuingia kazini Velma alijifuta uso kwenye kioo cha gari, akapaka poda upya.

Maonyesho yalipofika siku ya mwisho, alipitia pale kutoka kanisani, na gauni lake la zambarau, kuiaga ile picha. Aliwakuta mbele yake: Zachariah, na ajuza aliyejitanda kanga juu ya jaketi la theluji.

"Zaka," ajuza alikuwa akiuliza, "hao watoto waliochafua hiki kitambaa hawana wa kuwachapa?"

Zachariah aligeuka, akamwona Velma. "Velma! Umenifungia simu, hata kosa langu silijui. Bibi, ndiye huyu."

Velma aliangaza kulia na kushoto. "Bibi yako ako wapi?"

"Si huyu hapa! Aliyemzaa mama yangu!"

"Huyu? Huyu ni nyanya!"

Ajuza alishtuka. "Mimi nyanya? Ya kuungia mchuzi?"

Velma alicheka, machozi yakamtoka, wanja ukamchuruzika mashavuni. "Zachariah, kwetu Kenya bibi ni mke! Ulinipigia ukaniambia mke wako atanifundisha kukupikia!"

Zachariah alijishika kichwa. "Mungu wangu! Na nikakwambia kafurahi!"

"Kumbe ni mimi nilikutundika kichwa chini. Pole, sweetheart. Nimekumiss hadi nimechoka."

Zachariah akamshika mikono yote miwili, mbele ya mlinzi na Wamarekani wote. "Basi nilikosea neno, sikukosea mtu. Velma, nakuomba uwe bibi yangu."

"Bibi yupi? Wa kwetu ama wa kwenu?"

"Anza na wa kwenu. Wa kwetu utakuwa tukishazeeka pamoja."

Velma alijifuta wanja mashavuni, akaanza kucheka upya.

"Mjibu mwenzio, mama," alisema ajuza. "Miguu inaniuma."

"Nimekubali," alisema Velma. Kisha akainama, akamsalimia kwa shikamoo, akamshika mkono. "Twende ukakae, bibi," akamwambia, na safari hii neno hilo halikumchoma popote.