Waya Chini ya Nyasi

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, kabla nyasi hazijakatwa kwa mara ya kwanza, Bibi Ardis alizunguka mlingoti wa redio yake na ndoo ya vibendera vyekundu. Palipo na jiwe, alichomeka kibendera. Palipo na waya, alichomeka kingine. Waya hizo za shaba zilianzia shinani mwa mlingoti na kutawanyika pande zote chini ya nyasi, kama spoki za baiskeli, nazo ndizo zilizoisaidia redio yake kusikika mbali.

Jumamosi ile magoti yalimuuma, akamkabidhi ndoo Signe, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili.

"Chomeka kwanza, ndipo ukate," alimwambia. "Baridi ya huku husukuma vitu juu. Waya uliozikwa mwaka jana, mwaka huu unachungulia."

"Umeshaniambia mara mia, Bibi."

Lakini Signe alitaka kuwahi ziwani kwa wenzake. Alitupa jicho, hakuona waya wowote, akaiacha ndoo kibarazani na kuwasha mashine ya kukatia nyasi. Karibu na mlingoti mashine ilikwaruza, ikazimika. Alipoiinamisha, aliona waya nyingi zimejisokota kwenye kisu. Alizichomoa kwa koleo, akafukia ncha zake, akanyamaza.

Kesho yake alfajiri Bibi alimwamsha. "Njoo umsikie Rewi. Leo ndiyo mara ya mwisho."

Mzee Rewi aliishi Nyuzilandi. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili jua likichomoza huku kwa Bibi, Minnesota, Marekani, wawili hao waliongea redioni kwa milio mifupi na mirefu, na hawakuwahi kuonana. Sasa mzee alikuwa anahamia kwa mwanawe mjini, na mlingoti wake ungeshushwa kesho yake.

Redio ilivuma. Kisha, kwa mbali sana, ikaja milio. Signe alisisimka mwili mzima. Mtu wa upande wa pili wa dunia, ambako ulikuwa usiku, alikuwa akigonga kitufe, naye Signe alimsikia akiwa bado na nguo zake za kulalia.

"Anauliza, 'Ardis, upo?'" Bibi alinong'ona, akajibu. Milio ileile ikarudi. Akajibu tena.

"Mimi namsikia, yeye hanisikii. Jua likipanda, mawimbi ya redio hayafiki kwake tena."

Signe alishindwa kuvumilia. "Bibi, ni mimi. Sikuchomeka vibendera. Nilikata waya, nikazifukia."

Bibi alimtazama kidogo tu. "Lete koleo. Ugomvi baadaye."

Walipiga magoti kwenye umande, wakaunganisha waya mmoja baada ya mwingine, Bibi akiguna kwa maumivu. Jua lilipotokea juu ya ghala, walikimbilia ndani.

Bibi aligonga. Kimya. Akagonga tena. Ghafla milio ikamiminika, naye akacheka huku machozi yakimtoka.

"Anasemaje?"

"Alikuwa anazima redio. Ngoja nimwambie nani ameniokoa."

Akagonga taratibu, herufi kwa herufi, na milio ileile ikarudi. Jina la Signe lilikuwa limevuka bahari na kurudi.

Mchana Bibi alimkabidhi ndoo tena.

"Waya uliokatika nitauunganisha," alisema. "Uliofichwa nitauunganishaje, na sijui kama umekatika? Ungenyamaza robo saa zaidi, Rewi angeondoka akidhani sikuja kumuaga."

Signe aliinama, akachomeka kibendera cha kwanza.