Kiwanja Chenye Mawe ya Mviringo

Mshonaji alikuwa amechoka na nyumba za kupanga. Cherehani imekaa sebuleni, vitambaa vya wateja vimelala kitandani, yeye na mumewe wamejibana pembeni. Basi walipopata kiwanja chao wenyewe, furaha yake haikuwa na kifani. Kilikuwa tambarare, kimejaa mawe laini ya mviringo, ya kutosha msingi mzima. Mungu akupe nini tena? Kona ya juu tu ndiyo ilikuwa na mwinuko na visiki, nayo hakuitaka.

Siku fundi mwashi anafunga kamba za msingi, wifi yake mshonaji alikuja. Huyu ni dada mdogo wa mume. Kazi yake ni kuchunguza picha za Mirihi, ile sayari nyekundu. Picha hizo hupigwa na gari dogo lisilo na dereva, lililotumwa huko. Mshonaji alizoea kumtania kwamba kazi yake ni kutazama nyota.

Wifi hakusifu kiwanja. Aliokota jiwe moja, akaligeuzageuza, akasema wasijenge hapo. Maji yanapita.

Mshonaji alikasirika, tena sana. Alisema hapo hajaona hata dimbwi.

"Mirihi nako hakuna dimbwi," wifi akajibu. "Lakini mawe kama haya tumeyaona. Twende kule juu, wifi yangu. Usiniamini mimi, amini macho yako."

Walipanda kilima kilicho nyuma ya kiwanja, mshonaji akinung'unika njia nzima. Huko mawe yalikuwa na rangi ileile, lakini yana kona kali za kukata mkono. Wifi akampa moja alishike pamoja na lile la mviringo. Akamuuliza ni nini kimelisugua hili la pili.

"Upepo," mshonaji akasema kwa ukaidi.

"Upepo hubeba mchanga. Jiwe la ukubwa wa ngumi utalibingirisha?"

Mshonaji akatazama chini, na kutoka juu kule akaona vizuri. Mkanda wa mawe ulishuka kilimani, ukapinda, ukapita katikati ya kiwanja chake.

"Maji," akasema taratibu.

Wifi akaeleza. Maji yakibeba mawe, mawe hugongana na kusuguana mpaka kona zinaisha. Mto ukikauka, mawe hubaki kuwa ushahidi. Huo ni sehemu ya ushahidi uliowaonyesha wataalamu kwamba zamani sana maji yalitiririka Mirihi. Huko mto haurudi. Hapa mvua kubwa ikinyesha, unarudi, hata kama ni baada ya miaka mingi.

Kukubali kulimuuma mshonaji. Lakini majuto ni mjukuu. Walifungua kamba zote, wakang'oa visiki vya kona ya juu, na nyumba ikajengwa kwenye mwinuko.

Mvua kubwa ilikuja nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa. Maji yalishuka kwa kishindo, yakapita palepale kwenye msingi wa kwanza, mawe yakigongana ndani yake. Nyumbani sakafu ilikuwa kavu kabisa. Mshonaji alisimama mlangoni, mlango wake mwenyewe, akapiga vigelegele mpaka mumewe akatoka bafuni na povu kichwani. Kisha akampigia wifi yake simu.

"Wifi, kuanzia leo ukiniambia Mirihi kulikuwa na mto, sibishi. Nitakuuliza tu ulikuwa na kina gani."

Wifi alicheka. Akasema hilo ndilo wanalolitafuta sasa, kwa mawe hayohayo.