Kabati la Altare la Fundi Lienhart

Asubuhi Apolonia alikuta maranda mabichi sakafuni mwa karakana, na tangu juzi hakuna aliyeshika patasi.

"Panya," alisema Konz, mume wake mpya.

"Panya wa mji wa Ulm siku hizi wanachonga?"

Konz alinuna. Alikuwa kibarua wa marehemu Lienhart, mume wa kwanza wa Apolonia. Chama cha mafundi hakimwachii mjane karakana bila mwanamume, kwa hiyo Konz alipata karakana, kitanda na mke kwa mkupuo. Kilichomkaa kooni ni kabati la altare walilolisubiri kanisani: milango miwili, ndani vyumba vitatu vya sanamu za watakatifu, juu msitu wa minara. Lilichorwa na Lienhart, na kila aliyeingia alisema, "Ah, huo mkono wa Lienhart!"

Basi Konz akautia mchoro jikoni ukaungua. Akaing'oa minara, akavunja kuta, akabakiza chumba kimoja kikubwa.

"Umeliharibu," Apolonia alisema.

"Bado unampenda maiti?"

"Nampenda anayejua kupima."

Kesho yake minara ilikuwa imerudi juu, na kabati lilinuka vitunguu na bia, pumzi ya Lienhart kabisa.

Jirani yake Otilia alinong'ona mlangoni, "Shoga, huyo kafuata chake. Mwite padri."

"Lienhart hakumsikiliza padri akiwa hai, leo ndiyo amsikilize?"

Konz akachukua shoka, akaingia kabatini mchana kweupe. Milango ikajifunga. Apolonia akavuta, akaipiga mateke, na ndani nyundo ikaanza, tok, tok, taratibu, kama ya mtu asiye na haraka na kazi anayoipenda, na Konz akatukana, kisha akaomba, kisha akaita "Bwana Fundi" kama zamani, na chini ya mlango yakatoka maranda, meupe kwanza, halafu si meupe tena.

Milango ikafunguka yenyewe. Vyumba vilikuwa vitatu tena. Konz alisimama katika cha pembeni, macho wazi, uso umesuguliwa ukang'aa.

"Konz?"

Sanamu za Lienhart zote zilichimbwa mgongoni kama hori, mbao isije ikapasuka. Apolonia alijua. Akapitisha mkono nyuma ya mumewe, nao ukazama mpaka kiwikoni. Pakavu. Laini. Alama za patasi zimelala kushoto, kama alivyochonga Lienhart mwenye shoto.

Chumba cha upande wa pili kilinuka vitunguu. Cha katikati kilikuwa kitupu, na ukutani palikuwa na mstari wa mkaa.

Apolonia hakuhitaji kujipima. Kimo chake alikijua.