Hilaria Hajui Kucheza Rede

Hilaria wa Katandala alikuwa na miaka minane. Aliamka gizani kuchota maji. Akitoka shule, alikaa kando ya turubai la ulezi ulioanikwa, mdogo wake mgongoni, akifukuza kuku. Usiku aliosha vyombo wenzake wakiwa wamelala.

Mama yake, Gaudiosa, alijivuna. "Mwanangu hakai bure."

Siku moja mwalimu wa darasa la pili alimwita. "Mama, Hilaria anasinzia darasani. Kusoma bado. Akiendelea hivi, atarudia darasa."

Gaudiosa alirudi na hasira, Hilaria akimfuata na mdogo wake mgongoni. Jirani yake Coleta, mwalimu wa chekechea, alikuwa nje akitazama watoto wakicheza rede, mchezo wa kukwepa mpira; ukikupiga, unatolewa.

"Mwalimu, huyu mtoto kichwa kizito. Nimpeleke hospitali?"

"Hebu mpokee huyo mdogo, Mama Hilaria. Hilaria, nenda ukacheze."

Hilaria akasimama katikati. Mpira ukaja, ukampiga begani. Hakukwepa.

"Kwepa, we bibi!" watoto wakacheka.

Hilaria akainama. Akavunja kitawi, akaanza kufagia uwanja.

Kicheko kikakatika. Gaudiosa akamgeukia Coleta.

"Anafanya nini?"

"Anachokijua," Coleta akajibu. "Kwenye rede mtoto anahesabu, anapima mwendo wa mpira, anangoja zamu, anagombana na kupatana. Yote hayo ni kujifunza."

"Basi asifanye kazi?"

"Afanye, lakini kidogo. Wewe umeijaza siku yake yote. Na usingizi je? Mtoto wa umri huu anahitaji kulala si chini ya saa tisa kila usiku. Akilala, ubongo unashika alichojifunza."

"Na kuku wakimaliza ulezi wangu?"

"Si wana banda? Wafungie! Umemfunga mtoto, kuku wanatembea."

Gaudiosa akaenda kuwafungia kuku bandani.

Kuanzia siku hiyo ulezi ukianikwa, kuku walikaa bandani. Baba, Eustaki, alichota maji kwa baiskeli. Hilaria aliosha vikombe tu, akacheza, akalala mapema. Mwisho wa muhula alisoma ukurasa mzima mbele ya darasa. Hakurudia.

Jioni moja Gaudiosa alimwita, "Hilaria, njoo!"

"Subiri, mama! Sijatolewa bado!"

Gaudiosa alishtuka. Hakuwahi kuisikia sauti ya mwanawe ikipaa hivyo. Akasimama palepale, akasubiri.