Konokono Mla Wenzake

Kila siku baada ya masomo, Kimya na binamu yake Chiriku walipitia kliniki ya meno. Walifuta viti vya wagonjwa, kisha wakakaa kwenye meza ya pembeni kufanya kazi zao za shule huku mashine ikilia chumbani mwa daktari. Daktari huyo alikuwa shangazi yake Kimya, na Chiriku alikuwa bintiye. Majina hayo walipewa na nyanya yao: mmoja maneno yalimtoka kwa tabu, mwingine hata usingizini aliongea.

Shangazi alikuwa amenunua tangi la samaki la maji ya chumvi, ili wagonjwa wapate cha kutazama badala ya kuwaza sindano. Kimya ndiye aliyekabidhiwa kulitunza. Alikwenda na shangazi dukani kuchagua konokono wa kula mwani. Muuza samaki aliwaeleza kwamba tangi jipya halikosi kuota mwani, kwanza wa kahawia, halafu wa kijani. Aliwashauri wachukue konokono wachache tu, kwa maana wakiwa wengi kuliko chakula watakufa njaa na mizoga yao itachafua maji. Kimya aliwageuza chali mmoja mmoja, akachagua wale waliojiinua wenyewe.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Chiriku alipoanza kujionyesha. Kimya akiwa hayupo, alimwaga chakula ili samaki waruke na watoto wa wagonjwa wacheke. Taa ya tangi nayo aliiacha ikiwaka usiku kucha. Mabaki ya chakula na mwanga huo viliurutubisha mwani, na haukupita muda vioo vikatanda kijani kibichi.

Shangazi aliuliza nani amelishindilia tangi chakula.

"Ni Kimya, mama," Chiriku alijibu upesi. "Nimemkanya mpaka nimechoka."

Kimya alifungua mdomo, lakini maneno, kama kawaida yake, yalikataa kutoka. Shangazi akauchukulia ukimya huo kuwa kukiri. Tangu siku hiyo tangi likawa la Chiriku, naye akawaonyesha wagonjwa "konokono wangu". Neno hilo lilimchoma Kimya kuliko uongo wenyewe. Akaapa moyoni kwamba Chiriku atalia, tena mbele ya watu.

Nafasi ilipatikana alipotumwa dukani kuchukua chumvi ya tangi. Alikumbuka konokono mmoja mzuri, mwenye gamba la madoa, aliyewekwa peke yake nyuma ya duka. Muuza samaki alikuwa amesema huyo hali mwani, hula konokono wenzake. Kimya aliomba apewe huyo. Muuzaji aliuliza kama ana chombo cha kumtenga.

"Ninacho," Kimya alidanganya bila kupepesa macho.

Alimtumbukiza tangini jioni ile, nyuma ya jiwe mahali asipoonekana, wakati binamu yake akimwaga taka. Kesho yake gamba moja lilikuwa tupu. Kisha jingine. Chiriku alihangaika, akabadilisha maji, akakwangua vioo kwa mswaki wa zamani, lakini konokono walizidi kupungua na mwani ukazidi kunenepa. Shangazi alimkaripia mbele ya wagonjwa, naye akalia kwa kwikwi. Kimya aliinamia daftari lake akitabasamu. Kilio kile kilikuwa kitamu. Alitaka kiendelee.

Siku iliyofuata alisogea kwenye kioo ili aione kazi yake. Konokono wa madoa alikuwa amemlalia mdogo kuliko wote, yule ambaye Kimya alimchagua kwa kuwa alijiinua haraka. Alikuwa ameuingiza mrija mrefu wa mdomo wake ndani ya gamba. Yule mdogo alijikunja, akajaribu kujivuta, akashindwa.

Tabasamu likamfutika Kimya. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha mkono majini, akawatenganisha. Alikuwa amechelewa. Akamweka muuaji kwenye bakuli la maji ya tangi, akalipeleka mpaka kwa shangazi, huku maji yakimtiririka kiwikoni.

"Huyu hula wenzake, na ni mimi niliyemtia tangini, Shangazi," alisema. "Nilitaka Chiriku alie kwa sababu alinisingizia. Aliyemwaga chakula ni yeye."

Shangazi aliweka vifaa chini, akamwita bintiye. Chiriku alitazama bakuli, akatazama sakafu. Hatimaye alikiri.

Wote wawili walimrudisha yule konokono dukani na kumwomba radhi muuza samaki. Kisha wakaanza kazi upya pamoja: chakula kidogo, taa izimwe jioni, mwani ukwanguliwe kwa mkono, na konokono wapya wachache.

"Bado nina hasira nawe," Kimya alisema wakisugua.

"Najua," Chiriku alijibu. "Ningekuwa wewe, ningekuwa nayo zaidi."

Vioo vilipong'aa tena, shangazi aliwaketisha kwenye viti vya wagonjwa.

"Chiriku, uongo wako ndio uliowasha moto huu. Mimi nami nilikosea kuhukumu bila kusikiliza pande zote. Lakini wewe Kimya, nani kati ya wale waliokufa alikusingizia?"

Kimya aligeuza macho kuelekea tangi.

"Ukionewa, dai haki yako waziwazi, hata kama sauti inatetemeka. Ukiificha moyoni ikavunda mpaka ikawa kisasi, watakaoumia kwanza ni wasio na hatia, na haki uliyokuwa nayo itageuka kuwa kosa lako."