Kahawa ya Gerard

Noreen Haas na Gerard Vogel walikutana Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo Wakatoliki hawali nyama, kwenye foleni ya kununua samaki ndani ya ukumbi wa michezo wa shule ya Mtakatifu Ludmila. Noreen, mwalimu wa darasa la tatu, alivaa koti jipya la kijani. Gerard, fundi wa shule, alikuwa akikaanga samaki. Akageuka na bakuli la kabichi, likamwagika lote kwenye koti.

"Sasa utanilipa nini?" Noreen aliuliza.

"Kahawa. Kila asubuhi, mpaka useme basi."

Hakusema basi. Mwaka mzima walikunywa pamoja jikoni mwa shule kabla kengele haijalia, na mji mzima wa Harlow, Iowa, ukajua.

Kisha ikaja Jumatano ya Majivu, na Gerard hakuonekana jikoni. Wala kesho yake. Noreen akampigia simu.

"Laazizi, vipi? Umenichoka?"

"Hapana, mpenzi. Nina kazi nyingi asubuhi. Vumilia kidogo."

Kazi gani, na kila siku alimwona amekaa kwenye gari lake, mikono mitupu? Noreen aliumia. Barua ya shule moja ya mji wa Omaha, iliyomtaka akafundishe huko, ilikuwa mezani kwa muda; sasa akaacha kuisukuma pembeni. Walitaka jibu Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Ijumaa hiyo alivaa koti lile lile la kijani, akaingia ukumbini, akaipita foleni nzima ya samaki na kuiweka barua mbele ya Gerard.

"Naondoka. Nimekuja kuaga, kwa kuwa wewe huna hata ujasiri wa kuniacha."

Gerard alibaki na samaki mkononi. "Kukuacha? Noreen, nimeacha kahawa!"

"Nini?"

"Kwa ajili ya Kwaresima. Nikiingia jikoni nikaisikia harufu tu, nimekwisha. Na nilipokuwa mwanafunzi, masista walitufundisha humu humu kwamba mfungo hautangazwi."

"Kwa hiyo na mimi ukaniacha pamoja na kahawa, bila kuniambia? Wewe mtu!" Alitaka kulia, akacheka, hasira na furaha vikimjia pamoja. "Si ungekunywa maji?"

"Sikufikiria maji."

Simu ikalia mkobani. Ilikuwa Omaha. Noreen akaishika bila kupokea, akamtazama usoni.

"Niwaambie nini?"

Gerard akajifuta mikono kwenye aproni. "Waambie unaolewa."

"Na nani?"

"Na mjinga anayekaanga samaki. Baada ya Pasaka, ukimkubali."

Noreen akapokea simu. "Halo? Asanteni sana, lakini sitakuja. Naolewa." Kelele za ukumbi zikameza kilichosemwa upande wa pili.

Jumatatu asubuhi Noreen aliingia jikoni, akajimiminia kahawa. Gerard alikuwa tayari mezani, macho yamemtoka kwa ile harufu, mbele yake glasi ya maji.